Waliofumba Macho Wakiningoja

Kimbo, Ruiru
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Kuna sauti moja ambayo haijaniondoka. Ni kijiko chako cha chuma kikikwangua ukoko kwenye sufuria, siku ile niliporudi kutoka hospitali nikiwa bado nashikilia ukuta ili nitembee. Ulikuwa umeinama jikoni, umenipa mgongo, nami nikajiuliza mbona leo unakwangua polepole hivyo, na mbona uko mbali hivyo, na mimi nimesimama mlangoni pako. Baada ya wiki mbili sikusikia tena kitu chochote. Sauti ya Baba nimeisahau. Yangu mwenyewe nimeisahau. Kijiko hicho bado kinakwangua, na majuma haya matatu kimekuwa kikikwangua bila kupumzika.

Nimeanza hivyo kabla ya salamu, unisamehe. Mu hali gani hapo nyumbani? Goti lako linasemaje tangu mvua ianze? Yule ng'ombe mwenye baka amezaa, au bado anawazungusha? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala kidogo, nikikaa chini naona nafaa kusimama, nikisimama sijui nilitaka kwenda wapi. Hata barua hii nimeiandika nikiwa nimesimama kwenye dirisha, karatasi juu ya mtungi wa maji.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako ndogo inakata ujumbe mrefu, na kwa sababu mke wa kaka Wycliffe huusoma kabla hujauona. Hii nampa dada mmoja wa kanisani anayesafiri kuja huko kwetu Luanda Ijumaa. Ameahidi kuiweka mkononi mwako na si mwa mtu mwingine.

Mama, nilipopata kazi huku Thika uliniambia neno moja, ukaliandika pia nyuma ya bahasha ili nisije nikasema sikuelewa. Uliandika: Usiwaambie kwamba husikii. Nimelishika neno hilo miaka miwili. Sasa limenitoka mbele ya watu arobaini, na nataka ujue lilivyonitoka kabla hujalisikia kwa mwingine.

Najua ulikolitoa. Ulilitoa kwa Mjomba Javan, ndugu yako, ambaye kijiji kizima kilimwita Bubu mpaka akazikwa, na siku ya mazishi mchungaji akalazimika kukunong'oneza akuulize jina lake. Ulinisimulia mara moja tu, ukiandika kwenye daftari langu kwa sababu nilikuwa nimeshaacha kusikia, na hukuinua uso. Tangu hapo nikajua kwamba kila unaponificha unamficha na yeye.

Simu yangu ndiyo iliyonisaidia kukutii. Naiweka mbele yangu, mtu akiongea, maneno yake yanajiandika juu ya kioo, nami nasoma na kujibu. Siku ya mahojiano niliiweka mezani nikasema napenda kurekodi maelezo nisije nikasahau. Wakaniona msichana makini. Hapa ninapoishi mlango ukigongwa inamulika na kuandika: mlango unagongwa. Bomba likiachwa wazi inaandika: maji. Mtoto wa jirani akilia inaandika: mtoto analia, nami nakaa nikiyatazama maneno hayo mpaka yafutike, bila kujua amenyamazishwa au amechoka. Zamani, nilipokuwa nasikia, nilidhani viziwi wanaishi kwenye utulivu. Mama, hakuna utulivu. Ni kama kulinda geti ambalo halina zamu ya kupokewa.

Lakini simu ina mipaka yake. Kiingereza inakijua vizuri. Kiswahili inakijua kikisemwa polepole. Wenzangu wengi kiwandani wakipata raha huongea Kikuyu, na Kikuyu haikijui kabisa. Basi wanapokaa kwenye chai wakisimuliana, kioo changu hubaki kitupu kwa muda mrefu, halafu linatokea neno moja tu: Kicheko. Nami nacheka. Miaka miwili nimecheka kwa sababu simu imeniambia kuna kicheko, na kila mara najiuliza kama anayechekwa ni mimi.

Hata wewe haikujui. Kila Jumapili baada ya ibada unanipigia, nami napokea, maana hutaki watu wa kanisa waone simu yako haipokelewi. Naongea peke yangu, nakuambia habari za mvua na za kazi, kisha nakata. Mwaka jana nilijaribu kuiambia simu iandike unayoyasema. Kinyore chetu, lugha ya nyumbani, kiliishinda. Iliandika Kiingereza cha ajabu, kitu kuhusu askofu na mabomba. Nilicheka sana, kisha nikakaa kitandani na viatu miguuni. Mpaka leo sijui siku hiyo ulikuwa unaniambia nini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kiwanda chetu kinapasua na kukausha njugu za makadamia. Mimi niko maabara, napima unyevu na mafuta kabla hazijafungwa. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, watu wa zamu husimama mduara uwanjani. Msimamizi wetu, Madam Wanjiru, mama wa makamo anayekaa mtaa wa Makongeni, anatoa maagizo ya siku, kisha anachagua mtu mmoja aombe. Hachagui kwa orodha. Anatazama tu, anataja jina, na wote wanainamisha vichwa na kufumba macho.

Hapo ndipo penye shida yangu, na sikuwahi kukuambia. Asiyesikia akifumba macho amepotea. Hajui maombi yameanza lini, hajui yameisha lini. Nyumbani ulikuwa unanigusa goti chini ya meza, Amina ikifika. Hapa sina wa kunigusa goti. Kwa hiyo wengine wakifumba, mimi huinamisha kichwa, nashika simu karibu na tumbo, na kusoma maombi. Mtu akiomba kwa Kikuyu, natazama mabega. Watu wakimaliza kuomba mabega hushuka.

Majuma matatu yaliyopita Mama Shiro, anayesimamia mashine ya kupasua maganda, alifiwa na dada yake. Aliporudi kazini Madam Wanjiru aliomba mwenyewe, kwa Kikuyu, maombi marefu, wanawake wakalia. Mimi nilikuwa na simu yangu tumboni, macho wazi, nikitafuta neno lolote nililolijua.

Kuna fundi wa mashine anaitwa Karis. Hana ubaya, ila mdomo wake haukai. Baada ya mduara aliwaambia wenzake kitu, nami nikaona nyuso zikinigeukia. Siku hiyo saa nne kikombe changu hakikujazwa. Sijui kama unajua maana yake. Wanawake wa maabara na wa uchambuzi wa njugu tunachanga chupa moja ya chai, na anayemimina humimina bila kuuliza. Alinipita. Kesho yake akanipita tena. Siku tatu nilikunywa maji, nikiitazama simu yangu, na simu haikuniambia chochote kwa sababu mbele yangu hakuna aliyeongea.

Baadaye ndipo nilipojua alichosema Karis. Alisema, "Sisi tunalia na Mama Shiro, huyu Mluhya wetu anachati. Labda ako na namba ya Mungu." Hakuna aliyemuuliza yeye aliona vipi na macho yalipaswa kuwa yamefumbwa.

Jumatatu iliyofuata tangazo likabandikwa langoni. Simu zote zibaki kwenye makabati ya nje, hata za maabara, hata wakati wa mduara. Sababu iliyoandikwa ni kioo. Ni kweli, njugu zetu zinaenda kwa wanunuzi wa mbali, na kipande cha kioo kikiingia kwenye mfuko mmoja wanarudisha shehena nzima. Lakini kioo cha simu yangu kilikuwepo miaka miwili na hakikumsumbua mtu. Nilijua tangazo lile lilikuwa na jina langu.

Ningeweza kwenda kwa Madam Wanjiru siku hiyo nikamwambia. Nilifika mpaka mlangoni pake. Nikakumbuka bahasha yako, nikageuka.

Siku mbili nilifanya kazi bila simu. Niliitikia kwa kichwa kila mtu. Mtu akifungua mdomo naitikia. Mchambuzi mmoja aliniuliza kitu mara tatu na mara tatu nikaitikia, mwishowe akaondoka akinitazama kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa na mti. Vipimo vyangu nilivirudia mara mbili mbili kwa hofu.

Siku ya tatu, Jumatano, tulisimama mduara. Madam Wanjiru akatoa maagizo, sikupata hata moja. Kisha akageuka upande wangu, midomo yake ikasema kitu kifupi, nami kama kawaida nikaitikia kwa kichwa. Wote wakainamisha vichwa, wakafumba macho.

Na mimi nikainama, nikingoja maombi yaishe.

Nilitafuta anayeomba. Nilitazama mdomo mmoja mmoja kuzunguka mduara, kwa wizi, na kila mdomo ulikuwa umefungwa. Nikafikiri ni maombi ya kimya, wakati mwingine huwa yapo. Nikatazama mabega, hayakushuka. Karis alikuwa amefumba macho yote mawili kwa nguvu, kama mtoto aliyekanywa. Mama Shiro alikuwa ameshika mikono kifuani. Watu arobaini wakiwa na kofia za wavu, wamefumba macho kwenye jua la asubuhi, na mimi peke yangu nimefungua. Mtu mmoja akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mwingine akakohoa, nikaona kifua kikiruka. Nikaendelea kungoja, na wao wakaendelea kungoja.

Mama, ni mimi niliyekuwa nimeambiwa niombe.

Nililijua hilo Madam Wanjiru alipofungua macho yake akanikuta namtazama. Midomo yake naijua sasa, naisoma akiongea polepole. Alisema, "Linet, si tunakungoja?"

Wengine wakafungua macho mmoja mmoja. Niliona hasira ikianza kwenye nyuso, na mshangao, na kwa wawili watatu kicheko ambacho safari hii sikuhitaji kuandikiwa. Ningeweza kuomba. Nilijua maneno, umenifundisha tangu nikiwa mdogo. Ningesema Baba yetu uliye mbinguni, wangefumba tena, na neno lako lingebaki salama mpaka kesho. Nilifungua mdomo kwa ajili ya hilo hasa.

"Mimi sisikii," nikasema. "Sisikii kitu. Simu ndiyo ilikuwa inanisikilizia, na mmeichukua."

Sauti yangu sijui ilitoka kwa ukubwa gani. Niliona ndege wakiruka kutoka kwenye paa la kikaushio, labda ni mimi niliyewafukuza.

Kwanza walinipigia kelele. Sisemi kwamba walikasirika. Walidhani nikipigiwa kelele nitasikia. Mama Shiro alikuja mpaka kwenye sikio langu, akasema kitu huko ndani, nikahisi joto la pumzi yake na nywele zikinisimama shingoni, basi. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba hata huko hakuna kitu. Akanishika uso kwa mikono yake miwili akakaa hivyo.

Madam Wanjiru hakusogea. Alichukua fomu ya unyevu kutoka kwenye ubao wake, akaigeuza, akaandika: Miaka miwili? Nikajibu ndiyo. Akaandika: Kwa nini hukusema?

Nilimwambia, "Mama yangu alinikataza."

Nisamehe kwa hilo. Nilikutaja mbele ya watu ambao hawajakuona. Yeye akaandika tena na kunipa ile karatasi niishike mwenyewe. Ninayo hapa. Imeandikwa: Mama yako alijua. Ungesema siku ile singekuchukua.

Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia siku hizi. Nataka uijue kwa sababu hakuna aliyewahi kukuambia kwamba ulikuwa na haki. Ulikuwa nayo. Kazi hii ninayo kwa sababu ulinificha. Na siku hiyo hiyo nilijua pia kwamba siwezi tena kuifanya nikiwa nimejificha, na mambo hayo mawili ndiyo yananizungusha humu chumbani.

Siku hiyo hakuna aliyeomba. Zamu ilianza bila Amina, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Saa nne kikombe changu kilijazwa mpaka kikamwagika. Karis naye alikuja kwenye dirisha la maabara na kipande cha katoni alichoandika kwa chaki ya mashine: "Pole. Lakini siku ile nilifungua jicho moja tu." Nilicheka mpaka nikashika meza.

Kesho yake niliitwa ofisini. Afisa wa wafanyakazi ni kijana mpole, alikuza maandishi kwenye kompyuta yake na kuigeuza nisome. Alinipa njia mbili. Ya kwanza, nihamie ghala lao la Ruiru, mwendo wa miguu kutoka hapa Kimbo. Huko hakuna mduara, hakuna mikutano, hakuna wa kuongea naye. Ni mimi na magunia na karatasi. Mshahara ni ule ule. Alitabasamu, alidhani ananipa zawadi. Ya pili, nibaki maabara na simu yangu, ikiwa imefunikwa kwa plastiki isiyopasuka na kuandikwa kwenye daftari la vifaa pamoja na mizani na kipimajoto. Lakini wakaguzi wakiuliza kwa nini mtu mmoja ana simu ndani, kiwanda lazima kionyeshe karatasi. Maana yake nipimwe hospitali, niandikishwe, nipewe kadi ya ulemavu.

Kadi hiyo uliikataa mara mbili, Mama. Mara ya kwanza chifu msaidizi alipoleta habari, ukasema aliyeandikwa hafutwi. Mara ya pili ni mimi niliyekuuliza nikiwa chuoni, ukatoka kwenda kutazama ng'ombe.

Jumapili iliyopita uliponipigia nilikuwa nimeazimia kukwambia yote haya. Nikaongea kuhusu mvua. Baada ya kukata nilivaa viatu nikatembea mpaka nikapita Juja, nikaingia upande wa Kalimoni kwenye mashamba, simu mfukoni ikitetemeka kila baada ya hatua chache. Mbwa anabweka. Pikipiki. Mbwa anabweka. Nikaizima. Nilitaka kufikiri bila kuambiwa.

Nilifikiri hivi. Ghala lile ni ushauri wako uliojengewa paa. Huko sitagunduliwa kamwe, wala sitaitwa na mtu. Na nilimfikiria Mjomba Javan. Kwamba hasikii, hakuna aliyefichwa. Kila mtu alijua. Sidhani kuna aliyekaa naye chini akamwonyesha jina lake linavyoandikwa, ili naye amwonyeshe anayemwita Bubu. Mimi jina langu naweza kuliandika. Ulinifundisha wewe, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uwanja wa chekechea unakofundisha. Tena nikafikiri juu ya shangazi na watu wa ukoo, unaowaambia siwapigii simu kwa sababu mji umenipa maringo. Uliona afadhali wanione mwenye maringo. Nilikuwa nakasirikia hilo zamani. Siku hiyo shambani sikukasirika, nilichoka tu kuringa.

Nisalimie Baba, na umwambie nilipata picha ya mahindi aliyonitumia, ni mazuri. Nisalimie kaka yangu Wycliffe na mke wake. Mwambie mke wake sina kinyongo kuhusu ujumbe. Msalimie Kukhu, aliyenizalia baba, na asiache kunipigia kelele nikija, napenda anavyovuta pumzi kabla hajaanza. Shangazi Rasoa, dada yake Baba, mwambie salamu zake za Krismasi zilifika na kwamba siringi. Hilo utaamua mwenyewe utalielezaje.

Nimetanguliza salamu ili habari hii ibaki peke yake.

Jumatatu nilipimwa hospitalini Thika. Walinifungia kwenye kijumba kidogo chenye dirisha, wakanivisha vitu vya masikioni, wakaniambia niinue mkono nikisikia mlio. Nilikaa mikono juu ya mapaja. Daktari akaandika alichoandika. Jana nikajaza fomu ya kuandikishwa. Kuna mahali pa jamaa wa karibu, mtu atakayepigiwa simu kuthibitisha habari zangu. Ningeweza kumwandika Wycliffe, na kalamu ilisimama hapo mpaka aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanigusa bega. Nimekuandika wewe. Majina yako yote matatu, na namba yako. Mhudumu aligonga muhuri nikimtazama, akaitia kwenye faili. Ghala nimelikataa kwa maandishi.

Watakupigia wiki ijayo, Mama. Watakuuliza kama una binti kiziwi anayefanya kazi Thika.

Ni mimi binti yako,
Linet